Prezo Anajenga, Straika Anahepa

Skia, msee. Siku prezo wa timu yako atasimama mbele ya wasee, ajipanguse jasho na kitambaa, aseme "wana, sasa tuko na projet," jua chapaa imeisha. Timu iko na doo haina haja ya projet. Iko na basi, iko na hoteli, iko na makombe. Projet ni ya wale wamebaki na bango.

Na projet ikiingia kwa mlango wa mbele, kuna msee anatokea wa nyuma. Yule wa mkataba umeisha. Hatoroki, hajaiba, hana deni na mtu. Amepiga luku safi, begi moja mgongoni, status imeandikwa "asante familia" na roho tatu za rangi ya timu. Kesho yake ako kwa picha na jezi ya majirani, anacheka mpaka jino la mwisho. Mtaa unalia. Prezo anasema kijana hana shukrani. Mzee wa kona anasema wakati wao kitu kama hiyo haingetokea.

Wakati wenu, mzee. Ngoja kidogo, tutafika huko.

Mimi ni mtoto wa Bambu, huku Ituri, Kongo, na sisi wa Bambu hatufundishwi mambo ya free agent na mtu wa TV. Huku dhahabu ndiyo ilitangulia kila kitu. 1903 jamaa wawili kutoka Australia waliiona kwenye kijito huku Kilo, Wabelgiji wakaleta kampuni, kampuni ikabadilisha majina mpaka ikaitwa SOKIMO, na mpaka leo kijana akikosa mboka anashika beleshi. Kila shimo liko na mwenyewe, na mwenyewe tunamuita PDG, hata kama amevaa kandambili mbili za rangi tofauti.

Sasa angalia vile shimo linaanza. Mwanzoni hakuna mchanga wa kuosha. Ni kutoa udongo wa juu, kuvuta maji, kupanga miti lisianguke. PDG anawalisha fufu na sombe, mshahara ni ahadi: tukifika kwa mchanga mzuri, tutagawana. Vijana wanachimba tu. Halafu stori inafika kwamba shimo la ng'ambo limeshatoa. Huko watu wanaosha leo na wanalipwa leo. Asubuhi wale wenye mikono mizuri hawako. Wameacha beleshi za PDG zimepangwa safi kando ya shimo, wameaga na adabu. PDG anabaki na wapya, wale mikono bado inatoka malengelenge.

Hakuna mtu Bambu anawaita hao wasaliti. Kila mtu anajua hesabu: anayechimba anakula leo, PDG anakula siku shimo likitoa. Mmoja anaweza kungoja, mwingine hawezi. Lakini straika akifanya hiyo hesabu, ileile, mtaa unamtukana mpaka kwa mama yake. Kwa nini? Juu tumelipa jezi. Ndiyo hiyo tu.

Kujenga timu upya maana yake kuna mtu atangoja. Prezo ana miaka ishirini ya kungoja, ana duka, ana nyumba za kupangisha. Straika wa miaka 29 ana msimu mbili tatu, goti likikubali. Ukimwambia "vumilia, projet itaiva baada ya miaka mitatu," umemwambia kwamba yeye ndiye atalipa projet, na atakayekula ni dogo wa miaka 19 anayekaa pembeni yake kwenye basi.

Na sheria iko upande wa begi. Wabelgiji walibeba dhahabu ya Kilo miaka na miaka, hawakurudisha hata punje. Lakini mmoja wao alipunguza deni. Jean-Marc Bosman, kiungo wa RFC Liège. Mkataba wake uliisha 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, klabu ikamshikilia. Jamaa akaenda kotini, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikasema mkataba ukiisha umeisha, usidai pesa ya kumfungua mtu ambaye hujamfunga. Career yake mwenyewe iliharibika kwenye hiyo vita, wengine wote wakaomoka. Siku hizi kanuni za FIFA zina kifungu kitamu zaidi: kwenye miezi sita ya mwisho, mchezaji anaruhusiwa kusaini na timu nyingine. Asubuhi ako mazoezini na wewe, jioni ameshasaini kwingine. Wino umekauka na bado mnagongana tano.

So kama mkataba unaisha Juni, timu haimpotezi mtu Juni. Inampoteza Januari. Na ukitaka ukweli kabisa, ilimpoteza mwaka mmoja kabla, ile siku katibu aliweka chupa ya Primus juu ya faili yake akasema "hiyo tutaangalia."

Kesi tamu kuliko zote iko Dar es Salaam, na sisi wa Ituri tuliifuata kwa simu vile watu wanafuata tamthilia. Simba SC. Msimu wa 2023/24 ulikuwa noma. Novemba 5, 2023 Yanga iliwachapa 5-1, na mbili kati ya hizo ziliwekwa na Mkongo wetu Max Nzengeli, aliyetoka Maniema Union. Kocha akaenda, kocha mwingine akaja, naye akaenda. Mwisho wa msimu Simba ikamaliza ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Timu kubwa kama hiyo, ya tatu! Hakuna kulala. Projet ikatangazwa.

Hapo ndipo Clatous Chama akaishia. Mzambia mwenye mguu wa maziwa, fundi wa Simba tangu 2018, akiacha ile safari fupi ya Berkane huko Morocco. Mkataba ukaisha mwisho wa Juni 2024, na Julai 1 Yanga wakamtangaza. Yanga, jo! Wangemchukua Wamorocco ungesema poa, ndege imepanda. Wamechukua majirani, wale mnaogombana nao kwa kinyozi.

Sasa piga hesabu bila machozi. Chama alikuwa na miaka 33. Simba ilikuwa inaleta vijana: Joshua Mutale, Jean Charles Ahoua, Debora Fernandes, na baadaye dogo wetu Elie Mpanzu wa AS Vita. Kocha mpya, Fadlu Davids. Ukiwa na miaka 33 ukiona mlolongo wa watoto wanashuka airport, hauhitaji mtu akutafsirie. Na Yanga ilikuwa bingwa, haijengi kitu, inakula tu. Akaenda, msimu mmoja, akabeba medali ya ligi, halafu 2025 akasonga tena Singida Black Stars. Huyo ndiye mchimbaji mwenye mikono mizuri.

Lakini ngoja, usicheke Simba haraka. Ahoua aliyeletwa ndiye alimaliza mfungaji bora wa ligi 2024/25, mabao 16. Timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na RS Berkane 2-0 kule na kutoka 1-1 Zanzibar. Kwa hiyo shimo lilitoa, ila Chama hakuwa wa kulingoja. Kupoteza mtu wa 33 wakati unajenga si ujinga, inaweza kuwa mpango. Ujinga ni kumpoteza ukiwa bado unamtaka, halafu ujifanye ulikuwa mpango. Na mwaka uliofuata uliniuma hata mimi ambaye si wa Simba: kapteni Mohamed Hussein, Tshabalala mwenyewe, beki wa kushoto aliyekaa pale tangu 2014, naye akavuka kwenda Yanga. Miaka 11. Huyo ni fenicha, si mchezaji. Na fenicha ilitembea.

Twende kwa doo sasa, juu hapo ndipo maprezo wetu wanachanganyikiwa. Weka mfano. Unataka kununua straika ana mkataba, klabu yake inasema dola 100,000. Unalipa klabu laki, halafu unaanza kumlipa jamaa mshahara. Huyohuyo akiwa huru, ile laki haina mwenyewe. Unaweza kumpa yeye elfu 60 ya kusaini, agent wake kitu kidogo, na bado umeokoa. Yeye anaona 60 kwa mkupuo, pesa ya keja, pesa ya kumtoa mathe kwa nyumba ya bati. Klabu yake ya zamani inakuja na nini? Nyongeza ya dola 200 kwa mwezi, projet, na hotuba kuhusu upendo. Haiwezi kushindana, maana kumbakiza mtu huru ni kama kumnunua upya, na timu inayojenga ndiyo haina pesa ya kununua.

Halafu kuna tabia moja ya maprezo inanikera. Wanaona mchezaji amekuwa na msimu mbovu, wanasema "tungoje, bei itashuka." Wanangoja. Jamaa anafunga mechi tatu mfululizo, bei inapanda. "Tungoje, atapoa." Wanangoja. Anapata agent. Sasa anaongea na wewe kupitia mtu wa miwani ya jua usiku, na kila sentensi inaanza na "mteja wangu." Hapo umeshaachwa, ndugu. Bado hujaambiwa tu.

Kongo tuko na level yetu ya pekee. Sisi hata hatungoji mkataba uishe. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema klabu ikikaa na mishahara miwili ya mwezi bila kulipa, mchezaji anaandika notisi, anaipa siku 15, kimya kikiendelea anavunja mkataba na anaondoka na sababu. Soma tena hiyo. Prezo asiyelipa miezi miwili anazalisha wachezaji huru yeye mwenyewe, nyumbani, bila mashine. Halafu anaenda redioni kulia eti kuna mawakala wanamwibia.

Angalia AS Vita. 2020 Yanga ilichukua Mukoko Tonombe na Tuisila Kisinda. 2021 ikarudi ikachukua Djuma Shabani na Fiston Mayele. Mwaka huohuo kocha Florent Ibenge, aliyekaa Vita tangu 2014, naye akaenda Berkane. Sisemi wote walitoka bure. Nasema timu ilikuwa inamwagika na kila aliyebaki alikuwa anaangalia mlango. Mayele akafika Dar, akifunga goli anatetema, Tanzania nzima mpaka watoto wa chekechea wakatetema. Kombe la Shirikisho 2022/23 akafunga mabao 7, akafika fainali. Akaenda Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, akabeba kombe. Kombe lenyewe Vita walilibeba mara ya mwisho 1973. Hapo mzee wa kona alikuwa bado ana nywele.

Na timu ya mtaa iliyomlea straika? Hiyo inakula vumbi. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, FIFA inatenga asilimia 5 ya ile pesa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Akiondoka huru hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri unaijua. Ndiyo maana kila prezo mdogo anayeacha mkataba ufe anaua hata sehemu ya coach wa watoto, yule aliyenunua mipira na pesa ya moto yake.

Huku kwetu kwa entente, ligi ya eneo, mambo ni madogo lakini drama ni ileile. Mkataba ni karatasi ya daftari, saini mbili, muhuri wa mtu ambaye hatumjui. Winga wetu mmoja aliwahi kuishia Mungwalu kati ya Jumamosi na Jumapili. Bei? Simu ya touch, jozi ya viatu, na kiti mbele kwenye gari. Prezo akarekodi audio ya dakika saba kwa group, analia, anataja Mungu, anataja fufu aliyomlisha kijana. Dakika ya sita kuku akawika nyuma. Hiyo audio bado tunaicheza kwa harusi.

Style tips, kabla nisahau. Usiwahi, narudia, usiwahi kuchapisha jina la mchezaji ambaye mkataba wake uko mwaka wa mwisho. Jezi feki ya soko la Bunia tayari inakula pesa ya wiki. Ukiongeza jina mgongoni, umelipa mara mbili. Kuna msee pale Mudzipela bado anatembea na CHAMA 17 nyekundu, alikataa kununua nyingine, ametoa jina na wembe, kivuli kinaonekana. Kizengi. Ukilazimika, weka jina lako. Wewe hauondoki bure, hakuna anayekutaka.

Aibu nyingine ni kuchoma jezi. Manze, unachoma kitu umenunua na doo yako, unajirekodi, video inafika kwa mchezaji akiwa hoteli ya Casablanca na AC. Amecheka, amesonga mbele, wewe uko na moshi na kifua wazi. Na ile ya "hakuwahi kuwa mzuri" ndiyo mbaya zaidi. Wiki jana ulimwita Messi wa Ituri. Tuko na screenshot.

Kitu kimoja sitanii nacho. Ituri iko chini ya état de siège tangu Mei 2021, na huku Djugu watu wamelala porini, wamelala kwa makambi, uwanja umegeuka mahali pa mahema. Kijana akihama Bambu na viatu vya mpira kwa shingo, wakati mwingine anafuata klabu, wakati mwingine anafuata usingizi. Usimuulize kuhusu uaminifu kwa jezi.

Haya. Mzee wa kona, zamu yako imefika, kaa sawa. Kila msimu wa usajili ukifika unatoa 1974. Eti Leopards, timu yetu ya taifa, walicheza kwa uzalendo, bure, kwa roho. Buda, 1974 ile? Walibeba Kombe la Afrika, Mobutu akawapa gari na nyumba. Gari na nyumba ndio roho gani? Kisha wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, wakafungwa 2-0 na Scotland, na kabla ya mechi ya Yugoslavia wakasikia bonasi zao hazipo. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba walitaka kugoma. Wakaingia uwanjani na hasira, wakala 9-0. Tisa! Hiyo ndiyo timu ambayo haijalipwa, mzee. Ulikuwa na somo mbele yako miaka 50 na ukaona uzalendo.

Sasa nikupe mtu wa wakati wetu, umlinganishe. Chancel Mbemba. 2022 mkataba wake na Porto uliisha, akaenda Marseille bila ada. 2024 Marseille ikamleta Roberto De Zerbi, kikosi kikapinduliwa juu chini, na kapteni wetu akawekwa kando. Hakucheza msimu mzima. Anafanya mazoezi, anarudi kwake, anakula mshahara, anangoja Juni. Wewe mzee ulisema nini? Nilikuwepo, na wasee wote walikuwepo. Ulisema ameisha, aje afungue bar Kinshasa, Leopards wachukue mtoto. Na wewe ulikuwa na projet!

Juni 2025 mkataba ukaisha, akachukuliwa na Lille, bila ada tena. Miaka 31. Novemba 13, Rabat, mchujo wa Kombe la Dunia, Kongo na Cameroon, dakika ya 91, kona: Mbemba, 1-0. Siku tatu baadaye Nigeria, 1-1, penalti, tuta la mwisho. Akaweka mpira chini mtu ambaye timu inayojengwa ilimwona mzigo. Akafunga. 4-3, Nigeria nyumbani. Bambu mpaka Bunia hakuna aliyelala, moto zilipiga honi mpaka petroli ikaisha.

Na ni nani alikuwa mbele kabisa ya msafara, ameshika bendera, amepakiwa nyuma ya motard bila kulipa, anapiga kelele "niliwaambia! huyo kijana niliwaambia"?

Mzee wa kona.